Kilo Mbili Zaidi

Jirani aliyewahi kupanda ndege alilining'iniza sanduku langu kwenye mizani aliyoiazima buchani, akatikisa kichwa.

"Kilo mbili zimezidi, mzee. Uwanjani hawana masihara. Punguza."

Miaka sitini na moja sijavuka hata mpaka. Sasa nina pasi mpya, picha yake imenikodolea macho kama mwizi aliyekamatwa, na naambiwa nisibebe maji, nisisahau sweta, na nikiulizwa niseme nimekuja kumchukua mwanangu.

Jirani akapekua. Suti ya kijana, shati jeupe, tai. Akatoa viatu.

"Hivi viache. Ndani ya jeneza nani ataiona miguu yake?"

Mimi ni fundi viatu. Asubuhi ile nilikuwa nimevitia soli mpya, nikazishona kwa mkono, mshono mara mbili, kama vya mtu atakayevivaa miaka kumi.

Mke wangu akainuka, akavirudisha viatu sandukuni, akachomoa sweta langu na koti.

"Mama, huko baridi ni kali," jirani alisema.

"Acha atetemeke. Mtoto wangu harudi nyumbani peku."