Jiwe la Profesa

Hajazaliwa mwenye nyumba wa kumshinda kwa maneno, alijigamba yule mwanafunzi wa shahada ya uzamili. Vyumba kumi na kimoja alivyokwisha kunyimwa hakuvihesabu kuwa kushindwa, maana huko kote alisema ukweli kwamba anafuga mbwa.

Leo alimfunga mbwa wake, Profesa, kwenye nguzo, kona ya pili, akaingia uani peke yake. Kesho alitakiwa awe amehama anakokaa, na kwa pesa yake kilibaki chumba hiki tu.

"Huna mke, huna mtoto, huna mnyama?" mama mwenye nyumba alimuuliza.

"Nina vitabu tu, mama yangu. Navyo havibweki."

Mama akacheka, akatoa ufunguo. Hapo hapo Profesa akaingia getini, shingo tupu, ulimi nje.

"Na huyu wa nani?"

"Simjui, mama. Wa mtaani huyo."

"Basi mfukuze, asinichafulie uwanja."

Mwanafunzi akaokota jiwe. Profesa alipoliona, masikio yalimsimama.

"Toka! Nenda kwenu!" Akalirusha jiwe hadi nje ya geti, na Profesa akatoka mbio.

"Ahsante, mwanangu," mama alisema, akamwekea ufunguo kiganjani.

Kisha kucha zikasikika kwenye saruji. Profesa alilitua jiwe juu ya kiatu cha mwanafunzi, limelowa mate, akaketi mbele yake akitikisa mkia, akingoja arushiwe tena.