Kilele Kilichohama

Wanyama wa mlimani walikuwa na desturi yao: anayefika kileleni hung'oa jiwe moja la huko, hushuka nalo na kuliweka mlangoni kwake, majirani wamtambue. Wengi walitosheka na moja. Mbuzi Mawe, mwepesi wa miguu, alipanda asubuhi na jioni miaka nenda miaka rudi, na rundo lake likapita paa, likapita miti.

Jongoo, mwenye mwendo wa pole, alitaka kitu kimoja tu: kuliona ziwa kutoka juu kabla hajafa. Mbuzi Mawe alimcheka kila alipompita njiani.

Siku Jongoo alipofika, alimkuta Mbuzi Mawe ameduwaa, jiwe limemdondoka mdomoni. Ziwa halikuonekana. Miti ilikuwa imelikinga.

"Bwana Mbuzi, kilele kiko wapi?"

"Kilikuwa hapa hapa," Mbuzi Mawe alijibu. "Nimekikanyaga mwenyewe."

Jongoo akatazama bondeni. Juu ya miti yote lilichomoza lile rundo, na mwewe ametua juu yake akilitazama ziwa.

"Kumbe kiko mlangoni kwako," akasema polepole. "Nilikipita siku ile nilipoanza safari."