Taa ya Matusi

Kila Jumamosi saa kumi alasiri, taa nyekundu iliwaka juu ya mlango wa Sekela, na sheria ilimtaka amtukane jirani wa chama kingine mpaka izimike. Nyumba za mlimani hazikuwa na taa hizo. Wenye kipato kikubwa walisamehewa.

Sekela alikuwa wa chama cha Ngao. Jirani yake, Mama Bupe, alikuwa wa Ufagio. Walishapatana zamani kwamba watatukaniana chapati tu.

"Chapati zako ngumu kama soli ya kiatu!"

"Zako zinanuka mafuta ya taa, Ngao we!"

Wakishamaliza, Mama Bupe humpitishia bakuli la maharage dirishani, wanacheka.

Jumamosi hii, mwenye nyumba alikuwa ameshuka asubuhi akalifunga bomba la uani kwa kufuli. Alisema maji yanahitajika kwenye bustani yake, akarudi zake mlimani. Sekela alishinda na ndoo tupu na hasira.

Taa ilipowaka, alianza na chapati kama kawaida. Haikuzimika. Akapandisha sauti.

"Nyie Ufagio ndio mlipiga kura zahanati ifungwe! Mwanao Bupe alikufa kwa kukosa dawa, mlimuua wenyewe!"

Taa ikazimika papo hapo.

Bakuli la maharage la Mama Bupe lilikuwa tayari dirishani, likifuka mvuke. Sekela aliliona, na taa aliiona imezimika.

Akavuta pumzi, akaendelea kutukana.