Tundu la Kifungo

Plasta tumboni mwake zilikuwa nne. Fundi cherehani alizipapasa tena chini ya shuka, akitafuta mshono mrefu. Hakuupata.

Miaka thelathini ya kushona, anajua kitu hakitoki penye tundu kisipoweza kupita. Mji wa mimba wenye saratani utatokaje kwenye tundu la kifungo? Jana daktari alimweleza habari za kamera na vyuma vyembamba, lakini hofu ilimziba masikio. Alikuwa akitikisa kichwa tu kama mjusi kafiri.

Basi wamechungulia, wakaona imesambaa, wakafunga. Ndivyo alivyofanyiwa dada yake mkubwa, akarudishwa nyumbani kufa.

Bintiye aliingia na chupa ya chai, anatabasamu. Tabasamu hilo likammaliza kabisa. Mtu huchekewa hivyo akiwa wa kwenda.

"Wamekwambia nini?"

"Bado, mama. Nesi kasema daktari mwenyewe atakuja. Kunywa chai kwanza."

Daktari mwenyewe. Akapokea kikombe, chai ikamwagika shukani. Kulikuwa na neno alilolibana kifuani tangu binti huyu akiwa mchanga. Aliapa kulisema siku ya kufa tu, maana kumpoteza mtoto alikuogopa kuliko kaburi. Sasa siku imefika.

Akamshika mkono.

"Mama yako mkubwa, yule dada yangu tuliyemzika. Yeye ndiye aliyekuzaa. Mimi nilikuchukua ukiwa na wiki mbili."

Binti aliiweka chupa ya chai chini.

"Alipokuwa anakata roho aliniomba umwite mama, japo mara moja. Nilimkatalia. Nisamehe kabla sijaondoka, mwanangu."

Binti hakulia. Aliuchomoa mkono wake taratibu, akaenda kusimama dirishani.

Mlango ukafunguliwa. Daktari aliingia na faili, uso umemkunjuka.

"Nina habari njema. Mji wa mimba tumeutoa wote. Umepita njia anayopita mtoto, ndiyo maana hatukukupasua tumbo. Na kwa tulivyoona, ugonjwa haukuwa umesambaa. Kesho unarudi nyumbani."

Daktari akamgeukia aliyesimama dirishani.

"Ondoa wasiwasi, dada. Mama yako bado yupo sana."

Binti alichukua mkoba wake kitini.

"Asante, daktari," alisema. "Ila huyu ni mama yangu mdogo."