Mkeka wa Bi Mwatime

Jiko la Zuhura haliwaki mpaka asuke kitu kipya. Ndivyo zilivyo nyumba zote siku hizi: kila asubuhi jicho la ukutani hukagua kazi ya mikono ya mwenye nyumba, na likiona marudio, hakuna umeme.

Naye Zuhura, msukaji mikeka, alirithi nakshi moja tu kwa mama yake. Basi huiharibu makusudi. Leo ataruka chane ya ukindu hapa, kesho atapinda pale. Jicho huridhika, chai ikachemka.

Asubuhi hii mama yake, Bi Mwatime, alimwita kutoka kitandani.

"Mwanangu, nisukie mkeka wetu ule ulionyooka. Ndio nitakaolazwa juu yake siku yangu ikifika."

"Usiseme hivyo, mama."

"Wewe suka. Chai leo tutaikosa, hatufi."

Zuhura akaketi, akaanza. Akaruka chane. Akafumua, akaanza upya. Vidole vikapinda pengine. Akafumua tena, jasho likimtoka, mpaka ukindu ukachanika mikononi.

"Vipi, unanyooka?" mama akauliza.

Kabla hajajibu, jiko likawaka.