Mkono Wenye Unga

Mpelelezi alifunua mkono tu. Uso, alisema, haukuwa wa kutazamwa.

"Mama, huyu ndiye mwanao aliyelipua stendi?"

Mwanangu ni seremala. Msumeno ulimkata kabisa kidole gumba cha kulia. Mkono huu, wa kulia, ulikuwa na vidole vyote, na kwenye kucha ulikuwa umeganda unga wa ngano.

"Kama siye, msako unaendelea."

Stendi aliilipua, najua. Lakini nimemzaa mimi.

"Ndiye," nikasema, nikaangua kilio.

"Pole, mama. Tumemaliza."

Nje ya mochwari, mwanamke mmoja alikuwa akimsihi mlinzi. "Mwanangu anaoka mikate, baba. Polisi walimchukua juzi. Hayumo humo?"

"Humu yumo gaidi tu. Na mama yake ndiye huyo."

Mwanamke akanigeukia, akanitemea mate.