Kahawa ya Hagga Tafida

"Shukri, huku hatujapata kahawa."

Shukri akageuka na sinia lake. Tangu alasiri alikuwa mbio ndani ya hema la matanga lililofunga kichochoro kizima cha mtaa wa Shubra: kapanga viti, kagombana na fundi wa taa, kamtafutia msomaji wa Kurani maji ya vuguvugu. Nani mwingine? Rafiki yake Wagdi alipooa, Shukri ndiye aliyepandisha kabati hadi ghorofa ya tano. Wagdi alipoacha mke, Shukri ndiye aliyeliteremsha.

Asubuhi alikuwa amewapigia simu marafiki zake. Alipofika tu kwenye neno msiba, Wagdi alimkatiza. "Tutakuja, bwana. Si wewe upo? Basi mambo yamenyooka." Akakata.

Sasa walikuwa wamefika. Walimpa mkono mwanamume wa suti nyeusi aliyesimama mlangoni, mahali pa mfiwa, wakampiga Shukri begani na kwenda kunyoosha miguu kwenye viti vya mbele.

Shukri alikuwa amechoka hadi rohoni. Alitamani kitu kimoja tu: mmoja wao ainuke, ampokonye lile sinia, amwambie kaa. Akapita mbele ya Hosni polepole, makusudi. Hosni akachukua vikombe viwili.

"Mbona macho mekundu hivyo?" Hosni aliuliza.

"Moshi wa jiko."

"Pole. Halafu kesho usisahau kumpeleka mama yangu kwa daktari. Unamjua alivyo, gari la mtu mwingine hapandi. Hata langu."

"Sitasahau," Shukri alisema. Akasimama pale kidogo zaidi, pengine ataulizwa jingine. Hosni alikuwa anapuliza kahawa.

Msomaji alipopumzika, Wagdi alimvuta Shukri kando, sauti chini.

"Hivi huyu marehemu Hagga Tafida ni mama wa nani? Msikitini wamemtangaza, lakini sisi wanaume nani anamtajia mwenzake jina la mama yake? Na yule wa mlangoni nimempa mkono wa pole, nimemwombea na dua, wala simjui."

"Yule ni mume wa dada yangu," Shukri alisema. "Nimemwomba anipokelee pole zangu. Nikuongezee kahawa?"